Potfolio ya mwanafunzi mtandaoni: kuisimamisha kwa Google Sites, hatua kwa hatua

Kila muhula unapoanza maswali ni yale yale. Lazima shule inunue tovuti? Naweza kufanya yote kwa simu? Mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa kuwa na akaunti? Na lile linaloongoza kwa kurudiwa: mbona mzazi akifungua kiungo anaambiwa hana ruhusa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp saa nne usiku, kwa hivyo nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kenya mwenye darasa la sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, ambaye amechoka kuhifadhi karatasi za manila juu ya kabati na kuzikuta zimetafunwa na panya. Mwalimu wa darasa la chini au la juu zaidi pia ataufuata bila shida.

Nimechagua Google Sites, huduma ya Google ya kujenga tovuti, kwa sababu ni ya bure, haihitaji kuandika msimbo, na mwanafunzi wa kawaida huielewa katika kipindi kimoja. Ipo programu ya Mahara, iliyoanza New Zealand mwaka 2006 kwa ajili ya potfolio hasa, na kwa kazi hii ni bora kuliko Sites. Lakini inahitaji seva na mtu wa kuitunza. Kama shule yako ina fundi wa kompyuta aliye hapo kila siku, zungumza naye. Kama fundi wenyewe ni wewe, na bado una vipindi 27 kwa wiki, baki na Sites.

Nadharia ni aya moja tu. Potfolio si albamu ya kazi zilizopendeza. Ni ushahidi wa safari: jaribio la kwanza lililoharibika, kazi iliyokamilika, na maneno ya mwanafunzi mwenyewe kuhusu kilichobadilika katikati. Likikosekana moja kati ya hayo, una maonyesho ya picha. Pia haichukui nafasi ya alama unazopakia kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye kivinjari cha Chrome. Simu na kishikwambi ni vya kupiga picha na kutazama. Ujenzi wa tovuti fanyia kwenye kompyuta. Kompyuta 10 zinatosha darasa la wanafunzi 40 wakipokezana.
- Akaunti za shule. Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti ya kawaida, na wengi wa Gredi ya 7 hawajafika. Njia halali ni Google Workspace for Education Fundamentals, ambayo shule inayokubaliwa hailipi. Shule iwe na jina lake la mtandao, kwa mfano linaloishia na .sc.ke, na maombi hukaguliwa kwanza, kwa hivyo tuma wakati wa likizo. Usingoje wiki ya ufunguzi.
- Simu moja au mbili zenye kamera.
- Intaneti. Vipindi vya kuandika maneno havili bando sana. Video ndizo zinazolimaliza.
- Fomu za idhini zilizotiwa sahihi na wazazi.
- Daftari la kawaida. Stima ikipotea, tafakari inaandikwa humo na kunakiliwa baadaye.

Huna akaunti za shule na huzipati mwaka huu? Usiwashauri watoto wadanganye tarehe ya kuzaliwa. Jenga potfolio zote chini ya akaunti yako mwenyewe, keti nao kwenye maabara, nao waandike ukiwa umeingia wewe. Ni polepole, nafasi ni GB 15 tu zinazogawanywa na barua pepe zako na picha zako, lakini inawezekana kwa darasa dogo.

Hatua ya 1: Amua nani ataona

Amua hili kabla hujagusa kompyuta. Chaguo ni tatu: mwanafunzi na mwalimu pekee, hao pamoja na mzazi, au ulimwengu mzima. Mimi huchagua la pili, na sijawahi kupata sababu ya maana ya kuchagua la tatu kwa mtoto wa miaka 12. Mwalimu mkuu akitaka kuionyesha shule mtandaoni, mwombe kazi tano zilizoteuliwa, zisizo na nyuso wala majina, ziwekwe kwenye tovuti ya shule.

Hatua ya 2: Pata idhini ya wazazi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inakataza kushughulikia data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Si maneno matupu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao.

Fomu yako iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mzazi ataelewa akisomewa. Itaje nini kitawekwa, nani ataona, kitakaa kwa muda gani, na kwamba mzazi anaweza kubadilisha nia wakati wowote. Tenga visanduku viwili: kimoja cha kazi ya mtoto, kingine cha picha ya uso wake. Wazazi wengi hukubali cha kwanza na kukataa cha pili, na hilo halizuii potfolio hata kidogo. Mikono ikipanda mche inatosha.

Hatua ya 3: Hakikisha Sites imewashwa

Anayesimamia akaunti za shule aingie kwenye ukurasa wa usimamizi, aende Apps, kisha Google Workspace, kisha Sites, ahakikishe huduma imewashwa na watumiaji wanaruhusiwa kuunda na kuhariri tovuti. Hapohapo mwombe akuambie kama shule inaruhusu kushiriki faili na watu wa nje. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mzazi ataingia kwa Gmail yake.

Hatua ya 4: Panga folda

Kwenye Google Drive, hifadhi ya faili ya mtandaoni inayokuja na akaunti, fungua folda ya darasa, na ndani yake folda moja kwa kila mwanafunzi. Zipe namba za darasa badala ya majina: 7B-01, 7B-02, na kuendelea. Orodha inayoonyesha 7B-14 ni nani ibaki kwenye daftari lako. Utaona faida yake kwenye hatua ya 9.

Hatua ya 5: Jenga kiolezo kimoja, ukijenge vizuri

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Saa mbili kwenye kiolezo zitakuokoa wiki mbili za kurekebisha tovuti 40.

Ingia sites.google.com, anza tovuti tupu. Upande wa kulia utaona vichupo vitatu: Insert, Pages na Themes. Majina ya vitufe nayaacha yalivyo kwenye skrini ili usipotee. Anza na Themes: chagua mandhari moja yenye maandishi meusi juu ya nyeupe, basi. Ukiwaachia wanafunzi uhuru wa rangi mapema, kipindi kizima kitakwisha wakitafuta waridi inayofaa.

Nenda Pages, unda kurasa hizi:

1. Mimi: sentensi tatu au nne za kujitambulisha, bila jina la ukoo, namba ya simu wala mtaa anaoishi.
2. Kazi zangu, na chini yake ukurasa mdogo kwa kila somo utakaloanza nalo. Anza na masomo mawili tu. Mimi huanza na Kilimo pamoja na Kiswahili, maana moja lina picha nyingi na jingine lina maneno mengi.
3. Malengo yangu: mambo mawili anayotaka kuweza kufikia mwisho wa muhula.
4. Maoni: hapa weka hati ya Google Docs. Sites yenyewe haina sehemu ya maoni, kwa hivyo wewe na mzazi mtaandika ndani ya hati hiyo.

Kwenye ukurasa wa kila somo weka muundo wa kazi moja: kichwa, nafasi ya picha ya jaribio la kwanza, nafasi ya picha ya kazi iliyokamilika, na kisanduku cha maandishi chenye maswali matatu ya tafakari. Ndani ya Insert kuna Placeholder, yaani kisanduku tupu ambacho mwanafunzi atakigusa na kuweka picha au video. Kitumie. Mtoto akiona kisanduku tupu anajua kinangoja nini. Akiona ukurasa mweupe atakuita.

Hatua ya 6: Toa nakala wewe mwenyewe

Fungua menyu ya vidoti vitatu juu kulia, chagua Make a copy, ipe nakala jina la 7B-01, iweke kwenye folda yake. Kisha bonyeza alama ya kushiriki na umwongeze mwanafunzi huyo kama mhariri. Rudia. Ni kama dakika moja kwa kila mwanafunzi, kazi ya kuchosha ya alasiri moja.

Usitafute njia ya mkato hapa. Mwaka wangu wa kwanza niliona nimeerevuka: niliwapa wanafunzi wote 38 haki ya kuhariri kiolezo chenyewe, nikawaambia kila mmoja atoe nakala yake. Nilipogeuka kufuta ubao, kumi na moja walikuwa tayari wameanza kuandika juu ya kiolezo. Kichwa kikawa jina la mmoja, picha ikawa ya mwingine, na mwenye haraka kuliko wote alikuwa amefuta ukurasa wa Malengo kwa kuwa “hana malengo bado”. Niliokolewa na Version history, iliyo kwenye menyu ileile ya vidoti, ambayo hurudisha tovuti ilivyokuwa dakika ishirini zilizopita.

Ukiwa hapo kwenye dirisha la kushiriki, fungua mipangilio yake na uondoe tiki inayoruhusu wahariri kuchapisha na kuongeza watu. Bila hivyo mwanafunzi mmoja mchangamfu atachapisha potfolio yake kwa dunia nzima akidhani anakusaidia.

Hatua ya 7: Picha kwanza, tovuti baadaye

Wanafunzi wasikae mbele ya kompyuta kabla ya kuwa na picha. Kabla ya kupiga, zima kwenye kamera chaguo la kuhifadhi mahali, la sivyo kila picha itabeba ndani yake ramani ya pale ilipopigiwa.

Picha ya simu ya leo huwa na MB tatu au zaidi. Kama mtandao wenu unasuasua, jitumie picha kwa WhatsApp kwanza; huzipunguza sana, na kwenye skrini hutaona tofauti. Video isizidi sekunde 60, na kamera iwekwe 720p. Dakika moja ya video kwa mpangilio wa juu yaweza kupita MB 100, na hapo maabara nzima itakaa kutazama duara likizunguka.

Andika jina la faili lieleweke: 7B-14-gunia-wiki1. Ukiacha IMG_20250312, baada ya wiki sita hakuna atakayejua ni gunia la nani.

Hatua ya 8: Tafakari

Maswali yangu matatu ni haya: Nilikuwa najaribu kufanya nini? Nilikwama wapi? Nikirudia, nitabadilisha nini? Usiongeze la nne. Na usikubali jibu la “Nilifurahia sana kazi hii na nimejifunza mengi.” Hiyo sentensi inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwepo.

Kazi ya sukuma wiki ya gunia ilinifundisha tofauti yenyewe. Mwanafunzi mmoja aliweka picha nne, moja kila wiki. Kwenye ya pili miche ya juu ilikuwa mizito na ile ya ubavuni imenyauka. Tafakari yake ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: “Sukuma zangu zilikua.” Nilimwonyesha picha ya pili nikamuuliza mbona hizi za pembeni zimelala. Alirudi na hii: “Maji yalikuwa yanabaki juu. Sikuweka kokoto katikati ya gunia kwa sababu nilidhani ni za kupunguza udongo tu. Shangazi alitoboa katikati kwa bomba, tukajaza kokoto, na za ubavuni zikaamka. Nikirudia nitaanza na kokoto.” Hapo sihitaji kujiuliza kama amefikia matarajio au anakaribia. Ameniandikia mwenyewe.

Aandike kwa maneno yake. Makosa ya tahajia yarekebishwe naye, baada ya kuonyeshwa. Potfolio ambayo mwalimu ameipiga pasi usiku ni potfolio ya mwalimu, na mzazi anayemjua mwanawe huitambua mara moja.

Hatua ya 9: Chapisha kwa waliochaguliwa

Bonyeza Publish. Mara ya kwanza utaombwa anwani: tumia herufi ndogo, tarakimu na vistari, kama vile 7b-14-potfolio. Jina la mtoto lisiwemo, wala namba yake ya usajili. Kwenye sehemu ya nani anaweza kutazama, hakikisha imeandikwa Restricted, kisha uongeze barua pepe ya mzazi kama mtazamaji. Kuna pia tiki ya kuomba injini za utafutaji zisionyeshe tovuti. Iweke kila unapoiona.

Wazazi wengi wana Gmail bila kujua: ilifunguliwa na kijana wa duka siku walipouziwa simu. Waombe wafungue Play Store na waguse duara lililo juu kulia, anwani iko hapo. Asiye nayo kabisa mwonyeshe potfolio kwa kishikwambi cha shule siku ya mkutano wa wazazi. Kusema kweli siku hiyo ndiyo hufanya kazi kuliko viungo vyote, maana mtoto mwenyewe ndiye anayeshika kishikwambi na kueleza.

Hatua ya 10: Weka siku

Kipindi kimoja kila baada ya wiki mbili, siku ileile. Kazi mbili kwa kila somo kwa muhula zinatosha. Wanaoanza na azma ya kuweka kila kitu huacha katikati ya muhula wa kwanza.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuanza na madarasa yote ya shule kwa pamoja. Anza na mkondo mmoja.

Kumlipa mtu wa saiba aziandae. Mzazi ameshalalamikia gharama ya kuchapisha karatasi, usimbebeshe nyingine. Kwa njia hii hakuna kazi ya mtoto inayohitaji kuchapishwa kwenye karatasi.

Kuweka majibu ya mtihani au fomu zenye alama za mwanafunzi kwenye tovuti. Hizo hazina kazi hapo.

Kufuta folda kwenye Drive “kupunguza msongamano”. Tovuti ya Sites ni faili iliyomo kwenye Drive. Ukiifuta, imekwenda nayo.

Mambo yakikwama

*Mzazi anaona tovuti lakini video inasema hana ruhusa.* Hili ndilo swali la kila wiki. Tovuti ina ruhusa zake na faili ya Drive iliyowekwa ndani yake ina zake. Nenda kwenye video yenyewe ndani ya Drive, mpe mzazi huyo haki ya kutazama. Picha zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kompyuta hazina tatizo hili. Hati ya Maoni nayo ishughulikie hivyohivyo, ila humo mpe haki ya kutoa maoni.

*Nimebadilisha ukurasa, wengine wanaona wa zamani.* Hujabonyeza Publish tena. Unachohariri ni rasimu. Wasomaji wanaona toleo la mwisho lililochapishwa.

*Mzazi ameongezwa na bado anakataliwa.* Mara nyingi simu yake ina akaunti mbili na kivinjari kimefungua kwa ile nyingine. Abadilishe akaunti. Ikishindikana, rudi kwa msimamizi: huenda shule imezuia kushiriki na watu wa nje.

*Anwani inasema tayari imechukuliwa.* Kwenye akaunti ya kibinafsi unashindania jina na dunia nzima. Ongeza mwaka au herufi za shule.

*Mwanafunzi haoni chaguo la kuhariri.* Ama umemweka kama mtazamaji, ama amefungua kiungo cha tovuti iliyochapishwa. Aingie kupitia Drive, sehemu ya Shared with me.

*Picha zinakaa vibaya kwenye simu.* Bonyeza alama ya kutazama kabla ya kuchapisha, uchague umbo la simu. Kwenye simu safu zilizokaa kando kwa kando hushuka chini moja baada ya nyingine, kwa hivyo ya wiki ya kwanza iwe kushoto.

*Mwanafunzi anahama shule.* Fungua kila ukurasa kwenye kivinjari, uchapishe kama PDF, uziweke pamoja na picha na video zake za awali kwenye flashi ya mzazi. Fanya hivyo kabla akaunti yake haijafungwa, kwa kuwa baada ya hapo hataweza kuingia hata kuangalia sukuma zake.